Mama wa Mashini ya Vichwa

Mimi sikumupenda yule mama. Naanza na hilo kusudi muntu asiyenijua asifikiri naandika haya kwa kumusifu. Hapa Kalemie kuna watu wanamusifu, hata kanisani nimesikia wakimutaja ndani ya maombi. Wao waandike yao. Mimi naandika yangu, kwa mukono huu uliosoma mpaka darasa la tatu tu, na uliojenga depo ya kuuzia ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, na nyumba mbili za matofali ya kuchoma bila kusaidiwa na muntu.

Alizaliwa wapi, kabila gani, sijui na sikuuliza. Tulimuita Mama wa Mashini. Alikuwa enfirmye, muuguzi ku hospitali, na kazi yake ilikuwa moja: kushika ile mashini inayosoma kichwa cha muntu mwenye ugonjwa wa kuanguka, kifafa. Unabandikwa nyuzi nyembamba kichwani, za rangi mbalimbali, na mashini inachora mistari. Mistari ikitulia, kichwa kimetulia. Ikiruka sawa na ndagala ndani ya wavu, hapo njo ugonjwa. Hivyo njo alinielezea siku ya kwanza nilipomupelekea binti yangu, na nafikiri ni mara moja tu alinielezea kitu bila kunitukana.

Alikuwa mufupi, mabega mapana, viatu vya mwanaume. Shingoni alivaa mita ya fundi wa nguo, kwa sababu kabla ya kubandika nyuzi alipima kichwa, kutoka puani mpaka kisogoni, kutoka sikio mpaka sikio, na kuweka alama kwa kalamu nyekundu. Ukitoka kwake na zile alama kwenye paji la uso, soko zima linajua ulikuwa wapi. Nilimuomba atumie rangi isiyoonekana.

"Papa," akasema, "ukitaka kuchagua rangi, enda kwa wale wanaopaka mitumbwi."

Ndio mudomo wake huo. Hakuuchagulia watu.

Nyuzi hazinati juu ya mafuta wala juu ya misuko, basi kila mwanamuke aliyefika pale alifumuliwa nywele. Alikuwa na ndoo, kipande cha sabuni ya kufulia na kibao cha kukalia, nje, mbele ya mulango, watu wote wanaona. Muke wa mukubwa mumoja wa biro ya Serikali alifika na nywele za kununua, ndefu mpaka mugongoni. Mama wa Mashini akamuambia: "Hizo hazina ugonjwa. Ziweke pale kwenye kiti, nishike zile zako." Yule mama alilia. Watu walicheka mpaka upande wa maternite, kwa wanaozaa. Mimi sikucheka. Nilijua zamu yetu inakuja.

Siku nyingine pasta alifika kuombea mashini kabla haijawekwa kwa mugonjwa wake. Akanyoosha mikono, akaanza kupandisha sauti. Mama wa Mashini alikuwa mukristu, tena wa kuimba kwaya, lakini alimushika pasta kiwiko na kumutoa nje polepole kama unavyotoa kuku ndani ya nyumba. "Pasta, ukilia hivi mistari yote inaruka, kiisha nitaandika mugonjwa ni wewe." Na kweli, baada ya kazi kuisha alitoka nje, akapiga magoti na yule pasta juu ya changarawe, wakaomba pamoja. Ni muntu wa namna gani huyo? Akufukuze, kiisha akufuate?

Hakupokea zawadi. Nilimutumia ndagala kavu, zile nyeupe, safi, ambazo naweka pembeni kwa wateja wa Kabalo. Zilirudi na karatasi: *Pelekea wagonjwa wasio na watu.* Sawa. Lakini wiki ile ile nilimuona kwa macho yangu akipokea nyanya mbili kutoka kwa muke wa muchunga ng'ombe wa Pepa, watu walioshuka kutoka milimani juu ya kamio ya mizigo na mutoto anayeanguka. Hawakuwa na ndugu hapa muji. Walilala kwake, si usiku mumoja. Basi ndagala za Papa mwenye depo ni chafu, nyanya mbili ni safi. Hilo bado linanikaa hapa, kwenye koo.

Tena aliogopa pikipiki. Muntu aliyezoea kushika watu wanaotupa miguu na mikono, aliyefungua meno ya watu, akiona taksi-moto, pikipiki ya abiria, anavuka upande mwingine wa barabara. Alitembea kwa miguu kutoka kwake mpaka hospitali, asubuhi na jioni, na kiti chake cha kukunja kwapani, maana alisema viti vya hospitali vinaibiwa kila wiki, na yeye hawezi kutazama mistari akisimama.

Sasa Sifa.

Sifa ni binti yangu wa pili. Kati ya watoto wangu wote, yeye njo alirithi jicho. Mutumbwi ukifika na ndagala, Sifa anaangalia mara moja tu ndani ya beseni, anajua kama ni za usiku huu ao za jana zimechanganywa. Wauzaji walimuogopa kuliko mimi. Kwa hiyo tangu ana miaka kumi na tisa nilikwenda naye mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Mitumbwi inayovua usiku kwa taa inarudi kabla ya jua, na mwenye kufika wa kwanza njo anachagua. Saa tisa ya usiku namugongea mulango. Mimi mwenyewe nimeishi hivyo tangu ujana, saa tatu za usingizi, nne zikizidi. Ndiyo maana niko na kitu. Wale waliolala wako wapi?

Alianza kuanguka akiwa na miaka ishirini na moja. Kwanza mukono unaruka, kama muntu anayefukuza nzi. Kiisha macho yanapanda, kiisha anaanguka. Niliwaambia watu ni malaria. Watu walisema, ee, malaria. Hakuna aliyeamini.

Daktari akampa vidonge. Hakuacha kuanguka. Akaongeza vidonge. Sifa akawa anatembea kama amebeba gunia kichwani, maneno yanatoka polepole, lile jicho limekufa. Na bado alianguka. Daktari akasema: nikiongeza tena bila kujua kichwa kinafanya nini, namuua mimi mwenyewe. Mupelekeni kwa Mama wa Mashini.

Alimulaza siku tatu pale hospitali na nyuzi kichwani. Kabla ya hapo alituambia neno moja: tumulete akiwa muchovu, amekesha. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mutoto wangu aende mbele ya mashini ya Serikali na macho mekundu, kama binti wa kwenye baa? Nikamuambia mama yake amulaze mapema, amupe uji mwema. Kesho yake nikamupeleka anang'aa.

"Alikesha?" Mama wa Mashini akauliza.

"Alikesha," nikasema.

Akamutazama Sifa, akanitazama mimi, akapima kichwa.

Siku tatu Sifa alilala pale kama muntu aliyefika safari ya mbali. Chakula kinaletwa, kitanda kiko, hakuna wa kumugongea. Mama wa Mashini alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, anakunywa chai yenye sukari ya kutisha, anatazama mistari. Hakuna kilichoruka. Nilitoka pale kifua mbele, nikatangaza mutaa muzima: kichwa safi, mashini imesema.

Sifa akarudi kazini. Asubuhi ya nne alianguka akiwa amesimama majini, anapokea beseni kutoka kwa wavuvi. Uso ulienda chini. Maji yalifika magotini tu, lakini muntu mwenye kifafa maji ya magotini yanamutosha. Muvuvi mumoja alimuvuta kwa kitenge. Mimi nilikuwa mbali, nabishana bei. Nilipofika alikuwa anatapika ziwa.

Nilirudi kwa Mama wa Mashini na hasira yangu yote. Nikamuambia mashini yake ni ya uongo. Nikapiga meza.

"Mashini iliona ilichoonyeshwa," akasema. "Hapa Sifa anaishi kama malkia. Kitanda changu hakimuangushi. Ninataka kuona kitanda chenu." Akafungua kabati, akatoa kasanduku kadogo kama redio, kenye mukanda. "Hako kanavaliwa. Anakwenda nako nyumbani siku nne. Anapika nako, anagombana nako, anafanya kazi nako. Akianguka munabonyeza butoni hii, munaandika saa. Na hii kaye, daftari hili: muandike kila kitu. Alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikula nini, alikuwa anafanya nini."

Nikamuuliza ipi ni nzuri, ya hospitali ao ya nyumbani. Nilitaka ile nzuri. Naweza kulipia ile nzuri.

"Hakuna nzuri. Hapa mimi niko, naona mukono wake ukiruka, uzi ukitoka naurudisha. Kule hakuna macho yangu, jasho litang'oa nyuzi, umeme utakatika, jirani atakuja kushangaa. Lakini kule njo kuna maisha yake. Ugonjwa wake unakaa kule, Papa. Haujakuja kunitembelea hapa."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa watu wananihukumu. Kwetu, kitu cha watu kikiingia nyumbani, kinapokelewa. Akija mugeni wa Serikali, unafagia uwanja, unafukuza mbuzi, unanyamazisha watoto, unaweka kitambaa juu ya meza. Hakuna baba wa nyumba mwenye heshima anayemuonyesha mugeni vyungu vyeusi. Kale kasanduku kaliingia kwangu na mistari ya kuandika habari za nyumba yangu mpaka ndani ya kitanda cha binti yangu. Nilikapokea.

Mama Sifa alikafumia kitambaa cheupe. Nilichinja kuku. Nilikataza muntu yeyote kupandisha sauti. Nilimuambia Sifa: siku hizi nne hakuna mwaloni, hakuna moshi, lala mpaka jua likupige. Na kaye niliandika mimi mwenyewe, polepole, herufi kubwa nzuri. *Alilala vizuri. Alikula vizuri. Hakuna shida. Asante.*

Mama wa Mashini alisoma ile kaye mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi.

"Papa Sifa, hii ni barua ya kuomba kazi?"

Watu wakaanza kucheka.

"Sikiliza. Mashini si mugeni. Usiisalimie. Usiichinjie kuku. Nilikuomba nyumba yako, umebeba hospitali yangu umeipeleka kwako, kiisha umeirudisha na kitambaa cheupe." Akakishika kile kitambaa kwa vidole viwili. "Kizuri, kweli. Mama Sifa anajua kufuma. Mutoto atazikwa nacho?"

Hakuna muntu amewahi kuniambia neno kama lile na akabaki amesimama. Mukono wangu ulipanda. Mama Sifa aliushika. Nilitoka. Nilikuwa nimefika kwenye lango la hospitali nilipomusikia nyuma yangu, anahema, viatu vya mwanaume vinakokota mavumbi.

"Kesho alasiri nakuja kwako na kasanduku. Mimi mwenyewe. Mutaishi kama munavyoishi. Ukinifukuza, sitarudi."

Nilitaka kumufukuza. Nilikuwa na neno tayari mudomoni. Halafu nikaona akilini lile beseni linaelea majini, na kichwa cha mutoto wangu pembeni yake. Neno nikaliacha, nikashika njia ya kwetu.

Alikuja. Alikaa kwangu siku tatu, na sijawahi kuchukia muntu ndani ya nyumba yangu namna ile. Alifungua kiti chake katikati ya uwanja kama tumemualika kwenye arusi. Aliona mbuzi, aliona vyungu, alinisikia nikimugombesha Mama Sifa kwa sababu ya chumvi, akaandika. Nikinyamaza ananiuliza: "Papa, umemaliza? Siku zingine unamaliza hapo?" Saa tisa nilimugongea Sifa mulango, nikamukuta yule mama amekwisha simama pale na tochi, kaye mukononi. Akaandika saa. Hata yeye hakuwa amelala. Aliyekuja kuchunguza usingizi wetu hakulala usiku ule, wala uliofuata. Mwaloni ni mbali kwa miguu yake. Akapanda taksi-moto, macho amefumba, anamushika dereva shati kama muntu anayezama, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kutetemeka. Dereva alimuuliza kama amebeba mugonjwa ao kichaa. "Beba tu," akamujibu, "utajua mbele ya Mungu."

Asubuhi ya siku ya tatu, mitumbwi imefika, watu wamejaa, Sifa amefunga kitenge kichwani juu ya nyuzi. Nilikuwa nimewaambia watu ni jeraha. Alikuwa ameinama juu ya beseni anachagua. Mukono ukaruka. Akaanguka juu ya muchanga.

Yule mama alifika kabla yangu. Alimugeuza ubavu, akaweka kiti chake cha kukunja kama ukuta kusudi watu wasimukanyage. Kitenge kilifunguka, nyuzi zote nje, nyekundu, bluu, njano. Watu wakapiga kelele, wengine wakarudi nyuma wakisema ni vitu vya uchawi.

"Bonyeza!" akanipigia kelele. "Papa Sifa! Butoni iko upande wako! Bonyeza!"

Niliona macho yote ya mwalo. Wauzaji, wanunuzi, wale wanaonipa heshima na wale wanaoningoja nianguke. Nikibonyeza, hakuna tena malaria. Hakuna tena jeraha. Niliangalia kile kidude. Kilikuwa kidogo kuliko kidole changu.

Nikabonyeza.

Kesho yake alituita biro ya daktari, mimi na Mama Sifa. Akatandika karatasi mezani, ndefu kama kitenge cha wakwe. Akaonyesha kwa ile kalamu nyekundu. Hapa siku ya kwanza, mistari imetulia. Hapa asubuhi ya siku ya pili, baada ya saa tatu za usingizi, imeanza kuruka kidogo kidogo, Sifa mwenyewe hajui, anachagua ndagala. Hapa asubuhi ya siku ya tatu, usingizi wa saa tatu tena, inaruka mingi, halafu yote pamoja. Hapo njo alianguka.

"Hospitali alilala, hakuanguka," akasema. "Nyumbani mulimulaza kama mugeni, hakuanguka. Ugonjwa uko ndani ya kichwa chake, hilo si kosa la muntu. Lakini anayeuamsha," akageuza kalamu kuelekea kwangu, "ni wewe, Papa. Saa tisa. Unagonga mulango."

Daktari alitazama chini. Mama Sifa alitazama dirisha. Nilisimama, nikamuambia yule mama maneno ambayo sitaandika hapa, maana wajukuu watasoma. Alikuwa anakunja karatasi yake.

Daktari alibadilisha dawa, akampa ile inayofaa aina ya mistari ile, kidogo kuliko ya kwanza. Na akaandika kwa mukono wake: alale kwa muda wa saa nane, kila usiku. Niliiweka ile karatasi mufukoni. Wiki moja sikuizungumzia. Kiisha nikaacha kugonga mulango.

Yule mama aliendelea kutesa watu na ndoo yake ya sabuni. Nikimuona barabarani navuka. Na mimi nilijifunza kuvuka. Baadaye nikasikia amepata pansio, amestaafu, na kijana aliyesomea Lubumbashi ameshika mashini, muntu mupole, anaweka alama zisizoonekana. Watu wanasema yule mama alikuwa anajua zaidi. Sijui. Mimi sikuenda kuaga.

Mwaka huu, kiangazi, nilikuwa mwaloni kabla ya jua, beseni begani. Miguu yangu si ya kazi ile tena, magoti yanalia, na jicho langu halifiki la Sifa, mara nyingine nauziwa za jana. Mutumbwi ulikuwa unasogea. Muntu akanisukuma na bega, akapita mbele yangu. Mufupi, viatu vya mwanaume.

"Eh! Tuko wengi hapa!" nikasema.

Akageuka. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akatazama beseni.

"Papa Sifa."

"Mama."

"Umezeeka."

"Na wewe."

Akatazama nyuma yangu, kushoto kwangu, mpaka kwenye maji. Nilijua anatafuta nini. Sikumusaidia.

"Binti yuko wapi?"

"Analala," nikasema.

"Saa hii?"

"Saa hii. Jua likitoka ataamka, atakuja depo, atanitukana kwa hizi nitakazonunua. Ni mwaka wa pili hajaanguka."

Nilingoja neno lake. Nilikuwa nimetayarisha la kumujibu, nimelitayarisha muda mrefu. Mutumbwi ukagusa muchanga, wanawake wakaanza kusukumana, na maji yakatufikia miguuni sisi wote wawili.

"Basi sogea," akasema, "unanizibia ndagala."

Nikasogea. Kidogo tu.